Pima Kabla Hujahama: Kasi na Usalama wa Kivinjari Chako

Kila baada ya miezi kadhaa huzuka mjadala uleule: kivinjari hiki kinakula memori, kile kinachungulia mambo ya watu, cha tatu ndicho chepesi kuliko vyote. Watu wanahama kwa makundi. Wanabeba alamisho zao, viendelezi vyao (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) na mazoea yao, na baada ya wiki mbili uzito ni uleule. Nimewasaidia wengi waliohama hivyo, na karibu kila mara kilichokuwa kikiwachelewesha walikuwa wamekibeba wenyewe mzigoni. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na jina la kivinjari bora. Unaanza na kupima ulichonacho, kukirekebisha, kisha kuhama ikiwa vipimo vimesema uhame.

Tenga saa moja hivi, mbali na jaribio la viendelezi litakalochukua siku kadhaa. Kazi hii ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, ingawa mengi yanafanyika hata kwenye simu.

Hatua ya 1: Jua injini iliyo chini ya jina

Jina na nembo ni ganda tu. Kinachosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini ni injini, na injini kubwa zilizobaki duniani ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet zote zinatumia Blink. Safari inatumia WebKit. Firefox inatumia Gecko, na Tor Browser imejengwa juu ya Firefox. (Blink yenyewe ilichipuka kutoka WebKit mwaka 2013, na WebKit ilichipuka kutoka KHTML, kazi ya watu wa mradi huria wa KDE. Ukoo ni mmoja kuliko matangazo yanavyotaka tuamini.)

Kwenye iPhone mambo ni mengine. Kwa miaka mingi Apple iliagiza kila kivinjari kitumie WebKit, hata kikiwa na jina la Chrome au Firefox. Ni mwaka 2024 tu ndipo ilipofungua mlango kwa injini nyingine, tena kwa nchi za Umoja wa Ulaya peke yake, baada ya sheria yao ya masoko ya kidijitali kuanza kubana.

Kwa nini ujali? Kwa sababu ukitoka Chrome ukaingia Edge, umebadilisha menyu, akaunti na vikorombwezo, lakini injini ni ileile na kasi yake ya msingi inakaribiana. Na mwanya wa usalama ukigunduliwa ndani ya Blink, unawagusa wote wanaoitumia. Google ikishatoa kiraka, yaani marekebisho ya kuuziba, wengine nao lazima wakichukue, wakiingize katika toleo lao, wakisambaze. Siku hizo za katikati ndizo wadukuzi wanazozipenda.

Ipo sababu nyingine, na hii naishikilia kwa moyo wote. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa jinsi ilivyoifungamanisha Internet Explorer na Windows, wakati kivinjari mshindani, Netscape, kikiwa tayari kinazama. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001. Toleo la 7 lilitoka mwaka 2006. Miaka mitano, katika kipindi ambacho intaneti ilikuwa inajaa virusi vilivyoingia kupitia kivinjari hichohicho! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hakuwa na mgema mwenzake wa kumtia hofu. Kilichoamsha mambo ni Firefox 1.0, Novemba 2004, iliyokua kutokana na msimbo ambao Netscape iliuweka wazi mwaka 1998, kisha Chrome, Septemba 2008, iliyokuja na wazo la kukipa kila kichupo, yaani kila ukurasa uliofunguliwa, mchakato wake uliofungiwa peke yake. Firefox ikalazimika kufuata, ikajisuka upya hadi toleo la Quantum la Novemba 2017. Kasi na ulinzi unaovifurahia leo vimetokana na kukimbizana huko. Mwaka 2020 Microsoft iliachana na injini yake yenyewe, Edge ikahamia kwenye Blink. Mkimbiaji mmoja akapungua uwanjani.

Sasa fanya hivi: andika chrome://version katika upau wa anwani kama kivinjari chako ni cha familia ya Blink, au about:support kama ni Firefox. Nakili namba ya toleo. Utaihitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Funga, fungua, sasisha

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Fungua menyu, nenda kwenye usaidizi, kisha sehemu ya kuhusu kivinjari. Hapo hapo kitakagua kama kuna toleo jipya na kulipakua. Lakini kupakua si kusakinisha. Kiraka kinakaa tayari kikisubiri ukifunge kivinjari na kukifungua tena, na mtu mwenye vichupo arobaini wazi hafungi kwa wiki tatu kwa kuogopa kuvipoteza. Wiki zote hizo anatembea na mwanya ambao dawa yake imo ndani ya kompyuta yake.

Hatari hapa si ya kufikirika. Msimbo wa Chromium, mradi ambao Chrome na ndugu zake hujengwa juu yake, na wa Firefox ni huria. Kiraka kikiingizwa humo, mdukuzi mwenye ujuzi anaweza kukisoma, kuelewa ni tundu gani limezibwa, na kuwatafuta ambao bado hawajaziba. Kupunguza pengo hilo ndiko kulikoifanya Chrome mwaka 2021 ishushe muda kati ya matoleo kutoka wiki sita hadi nne, na mwaka 2023 ianze kutoa viraka vya usalama kila wiki.

Hofu ya kupoteza vichupo ina tiba: kwenye mipangilio, sehemu ya kuanzisha kivinjari, chagua kiendelee pale ulipoishia. Kikifunguka upya, vichupo vyote vinarudi.

Kama unatumia mfumo wa zamani, soma vizuri aya hii. Kwa Windows 7 na 8.1, Chrome ilikomea toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Firefox iliendelea kutoa viraka vya toleo la 115 kwa mashine hizo kwa muda mrefu zaidi, lakini hiyo ni nafasi ya kujipanga, si makazi. Kivinjari kisichopokea viraka hakifai kuingilia benki, hata kiwe chepesi namna gani.

Kwenye Android, sasisha kivinjari chenyewe na pia kile kipande kiitwacho Android System WebView, kwa sababu programu nyingi za simu hufungua kurasa kupitia hicho. Safari kwenye iPhone husasishwa pamoja na mfumo wa simu, basi usiahirishe sasisho la simu.

Hatua ya 3: Kagua viendelezi kimoja kimoja

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na sijawahi kujuta.

Fungua ukurasa wa viendelezi na usome ruhusa za kila kimoja. Ile inayosema kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote katika tovuti zote ina maana ileile inayosomeka: barua pepe yako, salio lako, fomu unayoijaza. Kiendelezi cha kubadilisha rangi ya ukurasa hakina sababu ya kusoma tovuti zote kila wakati. Katika vivinjari vya Blink unaweza kukiamuru kifanye kazi pale tu unapokibofya, au kwenye tovuti fulani peke yake.

Ubaya wa viendelezi ni kwamba kinachoaminika leo kinaweza kubadilika kesho bila wewe kufanya lolote. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi mashuhuri cha kulaza vichupo ili kuokoa memori. Mwenyewe alikiuza, na Februari 2021 Google ilikizima kwa watumiaji wote kwa kuwa na programu hasidi. Desemba 2024 wadukuzi walimhadaa mfanyakazi wa kampuni ya usalama ya Cyberhaven kwa barua pepe ya kughushi, wakapata njia ya kusambaza toleo chafu la kiendelezi cha kampuni hiyo kupitia duka rasmi. Watumiaji hawakubofya kitu. Sasisho liliingia lenyewe.

Namna ya kukagua:

Fungua dirisha la hali fiche (incognito) na utembelee tovuti zako tatu zinazokusumbua. Viendelezi kwa kawaida havifanyi kazi humo mpaka uviruhusu. Tovuti zikifunguka haraka zaidi humo, mshukiwa wa kwanza umempata. Rudi kwenye dirisha la kawaida, zima viendelezi vyote, kisha washa kimoja kwa siku. Ambacho hukukikumbuka kwa wiki nzima, kiondoe kabisa. Kukizima tu kunakiacha ndani.

Kizuia matangazo ni jambo la kipekee, kwa sababu kizuri huongeza kasi badala ya kuipunguza: hukata mafaili kabla hayajapakuliwa. Na hapa ushindani wa vivinjari unakugusa moja kwa moja. Google ilibadilisha kanuni za viendelezi kwa mfumo uitwao Manifest V3, na katika miaka ya 2024 na 2025 kizuia matangazo mashuhuri, uBlock Origin, kikaacha kufanya kazi kwenye Chrome. Kilichobaki huko ni ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, mwenye uwezo uliopunguzwa. Google ilisema lengo ni usalama na kasi, na kweli kanuni mpya zinapunguza uwezo wa kiendelezi kusimamisha na kubadilisha chenyewe kila ombi linalopita mtandaoni. Wapinzani walijibu kwamba kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo inayopanga nguvu za vizuia matangazo. Naona pande zote mbili zina ukweli, na ndiyo sababu nafurahi kwamba Firefox iliendelea kukiruhusu uBlock Origin kikamilifu. Mtumiaji akawa na pa kwenda.

Hatua ya 4: Pima kasi kwa mashine yako

Ukishasafisha, pima. Anza na Speedometer 3, kipimo kilichotolewa Machi 2024 na ambacho Apple, Google na Mozilla walikijenga kwa pamoja. Washindani kukubaliana juu ya mizani ni jambo la kupongezwa. Kipo kwenye browserbench.org. Chomeka chaja, kwa sababu kompyuta nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri. Funga programu nyingine. Fungua wasifu mpya usio na kiendelezi. Endesha mara tatu, uchukue matokeo ya katikati. Kisha fanya hivyo hivyo kwa kivinjari cha pili. Tofauti ndogo ya alama hutaihisi kwa mkono wako, kwa hiyo usihame kwa ajili yake.

Speedometer hupima jinsi kivinjari kinavyoitikia kazi za ndani ya ukurasa. Haipimi mtandao wako. Kwa hilo bonyeza F12, ingia sehemu ya mtandao katika zana za wasanidi programu, weka alama ya kuzima akiba (cache), kisha pakia upya tovuti unayoitumia kila siku. Chini utaona jumla ya maombi, ukubwa wa data na muda uliotumika. Rudia kwenye kivinjari kingine. Ukurasa ukichelewa sawasawa katika vyote viwili, kosa si la kivinjari. Ni la tovuti au la mtandao, na kuhama hakutakusaidia.

Halafu memori. Kwenye Chrome na Edge bonyeza Shift na Esc kwa pamoja, utaona kila kichupo na kila kiendelezi kinakula kiasi gani. Kwenye Firefox andika about:processes. Panga kuanzia kikubwa. Mara nyingi utakuta kichupo kimoja cha barua pepe au cha mazungumzo kimemeza kuliko vingine kumi.

Lakini usichukulie kila memori inayotumika kuwa ni uzembe. Januari 2018 ulitangazwa udhaifu wa Spectre, uliokuwa ndani ya prosesa zenyewe: msimbo wa tovuti moja ungeweza kunyapia data ya tovuti nyingine iliyo katika mchakato uleule. Mwaka huohuo Chrome 67 ikaanza kutenga kila tovuti katika mchakato wake kwenye kompyuta, na Google yenyewe ikakiri kwamba jambo hilo linaongeza matumizi ya memori kwa asilimia 10 hadi 13. Hiyo ni bei ya ukuta. Mtu akikuonyesha swichi ya siri inayozima utengano huo ili kuokoa memori, kataa. Kwa mashine yenye memori ndogo, washa badala yake kiokoa memori kilicho katika mipangilio ya Chrome na Edge, kinacholaza vichupo usivyovitumia. Kazi hiyo sasa haihitaji kiendelezi.

Kasi na usalama hugongana pia mahali pengine pasipoonekana. JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa, huenda kasi kwa sababu injini huitafsiri kuwa lugha ya prosesa papo hapo wakati ukurasa unaendeshwa, na kifaa hicho cha kutafsiri ni chimbuko la mianya mingi. Ndiyo maana Edge ina hali ya usalama ulioimarishwa inayokizima kwenye tovuti usizozizoea, na ndiyo maana Lockdown Mode ya iPhone, iliyokuja na iOS 16 mwaka 2022, hukizima pia. Kama wewe ni mwandishi wa habari, wakili, mwanaharakati au yeyote anayeweza kuwindwa, nakusihi uwashe hali hizo. Baadhi ya kurasa zitakuwa nzito. Vumilia.

Hatua ya 5: Kaza mipangilio

Washa chaguo la kutumia miunganisho salama kila wakati. Firefox imekuwa nalo tangu Novemba 2020, na Chrome inalo kwenye sehemu ya faragha na usalama. Tovuti isiyo na HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa, kivinjari kitakuonya kabla ya kuifungua.

Hata hivyo HTTPS inakuhakikishia jambo moja: hakuna anayesikiliza kati yako na seva. Haisemi seva ni ya nani. Tapeli naye hupata cheti bure kwa dakika chache, na ndiyo sababu Chrome iliondoa alama ya kufuli kwenye upau wa anwani mwaka 2023. Watu walikuwa wakiisoma kama muhuri wa uaminifu. Jizoeze kusoma jina la tovuti kuanzia kulia: tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha rudi kushoto nukta mbili. Hapo ndipo penye mwenye nyumba. Maneno yanayotangulia kushoto kabisa mtu anaweza kuandika chochote. Kumbuka tu kwamba baadhi ya nchi huwa na miisho ya vipande viwili, kama .co.uk, na hapo ongeza nukta moja zaidi.

Tumia kidhibiti cha manenosiri, cha ndani ya kivinjari au cha pekee. Faida yake kubwa ni kwamba hakidanganyiki na sura. Ukifika kwenye tovuti ya kughushi iliyofanana na benki yako kama mapacha, wewe unaweza kuingia mkenge. Chenyewe kitakataa kujaza kwa sababu jina la tovuti si lile. Kikigoma kujaza mahali ambapo hujaza kila siku, simama, usinakili nenosiri kwa mkono.

Vidakuzi vya wahusika wengine, yaani vijifaili vinavyowekwa na kampuni nyingine zisizo tovuti uliyoifungua ili zikufuatilie: Safari ilivizuia vyote Machi 2020, na Firefox mwaka 2022 ikaanza kuvitenga kila kimoja ndani ya tovuti yake kwa watumiaji wote wa kompyuta. Chrome ilitangaza Januari 2020 kwamba itaviondoa, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Kwa hiyo ukiwa Chrome, vizuie mwenyewe kwenye mipangilio. Tovuti moja mbili zitalalamika. Zipe ruhusa hizo tu.

Ruhusa za arifa, kamera, kipazasauti na mahali ulipo: fungua orodha, futa usizozikumbuka. Dakika tano zinatosha.

Na kama unatumia kivinjari cha kubana data, elewa kinavyofanya kazi. Opera Mini, katika hali yake ya kubana kabisa, hufungua ukurasa kwenye seva za kampuni, huukandamiza, kisha hukutumia. Ni ufundi uliowafungulia watu wengi mlango wa intaneti kwenye simu dhaifu na mitandao ya polepole, nami nauheshimu. Ila maana yake seva ya katikati inauona ukurasa. Habari na michezo soma humo. Benki fungua kwingine.

Hatua ya 6: Weka viwili, kisha uhame ukipenda

Ushauri wangu ni kuwa na vivinjari viwili vyenye injini tofauti. Kimoja hakina kiendelezi hata kimoja, na ni cha benki, barua pepe na mambo ya serikali. Kingine ni cha mizunguko ya kila siku. Kiungo kibaya ukikibofya katika cha pili, akaunti zako kubwa hazimo humo. Na siku mwanya mkubwa ukitangazwa kwenye injini moja, una pa kukaa hadi kiraka kifike.

Kuna faida ya pili, na hii inatuhusu sote. Injini yenye watumiaji wachache watengeneza tovuti huacha kuijaribu, kurasa zikaanza kuharibika humo, watumiaji wakazidi kupungua. Nayo fedha haiko mbali: nyaraka za kesi ya Marekani dhidi ya Google zilionyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya utafutaji chaguomsingi katika Safari, na sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutokana na mkataba wa aina hiyohiyo na Google. Mshindani anakula kutoka sahani ya anayeshindana naye. Septemba 2025 jaji wa kesi hiyo, Amit Mehta, alikataa ombi la kuilazimisha Google iuze Chrome. Kwa hiyo mizani hii itaendelea kutegemea pia watu wa kawaida wanafungua nini asubuhi.

Ukiamua kuhama, hamisha alamisho kwa faili la HTML. Viendelezi usivihamishe kwa mkupuo; sakinisha upya vile tu vilivyopita ukaguzi wa hatua ya 3. Manenosiri hutoka kama faili la CSV, nalo ni maandishi matupu yanayosomeka na yeyote atakayelifungua. Lihamishe mtandao ukiwa umezimwa, liingize kwenye kivinjari kipya, hakikisha akaunti tatu nne zinafunguka, kisha lifute faili hilo, na ufute pia kilichomo kwenye pipa la taka. Kama folda yako ya vipakuliwa hujinakili kwenye hifadhi ya mtandaoni, ingia huko nako ukalifute, pamoja na nakala zake za zamani.